Trekta kuukuu si chuma chakavu

Kuna mazoea yaliyokita mizizi katika nchi yetu ya kukipa kitu heshima siku kinaponunuliwa na kukisahau siku kinapoanza kufanya kazi. Trekta mpya ikiletwa katika kaunti hufungwa utepe, huombewa dua, na viongozi huipanda mmoja baada ya mwingine huku wapiga picha wakikanyagana. Lakini ni nani aliyewahi kumwona mheshimiwa akikata utepe kwa sababu trekta ya miaka arobaini imebadilishwa beringi na kurejea shambani? Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, nimeshuhudia sherehe nyingi za aina ya kwanza. Za aina ya pili sijapata kuona hata moja.

Ninaloshikilia katika makala haya ni jambo dogo, ingawa naamini lina uzito. Trekta kuukuu na zana zake ni mali. Fundi anayeweza kuitia uhai ni mali kubwa zaidi. Na shilingi inayotumiwa kuitengeneza trekta iliyopo humfaa mkulima wa kawaida kuliko shilingi inayonunua mpya isiyotengewa fundi wala vipuri.

Atakayepita Uasin Gishu au Trans Nzoia kati ya Januari na Machi, wakati mashamba ya mahindi yanapotayarishwa, ataona kwamba nyingi kati ya trekta zinazolima huko si changa hata kidogo. Chukua mfano wa Massey Ferguson 135. Trekta hii ilianza kuundwa Coventry, Uingereza, mwaka 1964, na kiwanda hicho kikaacha kuiunda katikati ya miaka ya sabini. Maana yake ni kwamba hata ile iliyotoka humo mwisho sasa ina umri wa takriban miaka hamsini. Umri huo kwa binadamu ni wa kuanza kufikiria kustaafu, lakini trekta hiyo bado inaburura plau.

Siri yake si uchawi. Injini yake ya dizeli, kazi ya kampuni ya Perkins, ina silinda tatu tu na ujazo wa lita mbili na nusu. Haina kompyuta, na sehemu zake nyingi hufunguliwa kwa spana za kawaida. Ile mikono mitatu ya nyuma inayobeba zana ni urithi wa Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland, ambaye aliisambaza duniani kupitia trekta yake ndogo ya TE20. Kati ya mwaka 1946 na 1956 ziliundwa TE20 zaidi ya nusu milioni. Mpangilio wa mikono hiyo ulikuja kuwa kanuni kwa viwanda vingine, ndiyo sababu plau iliyoundwa juzi inaweza kufungwa kwenye trekta iliyozaliwa kabla ya mwenye shamba. Aidha, viwanda vya India, Pakistan na Uturuki viliendelea kuunda trekta za ukoo huohuo, kwa hiyo vipuri vyake vingi havijatoweka sokoni.

Wapo watakaoniuliza: haya yanamhusu vipi mkulima wa ekari mbili asiyekuwa hata na baiskeli? Yanamhusu sana. Mkulima huyo hanunui trekta, hukodi. Katika sehemu hizo za kaskazini mwa Bonde la Ufa, mahindi hupandwa mara moja tu kwa mwaka, na anayechelewa kupanda mvua zikishaanza hupunguza mavuno yake mwenyewe. Trekta ya kukodi inapokufa mwezi Machi, anayeumia si mwenye trekta peke yake, bali ni foleni nzima ya majirani waliokwisha kulipa arubuni na wanaotazama mawingu yakijikusanya. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini. Trekta ikivunjika haijikokoti kwenda popote. Hubaki palepale katikati ya shamba, na msimu haungoji.

Historia ya Afrika Mashariki ilikwisha kutupa funzo kuhusu jambo hili, na funzo lenyewe liligharimu fedha nyingi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, kuanzia Kongwa. Trekta zilizotumika zilizobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilikusanywa, na hata vifaru vya kijeshi vikageuzwa kuwa mitambo ya kufyeka pori. Udongo wa Kongwa hukauka ukawa mgumu kama saruji, na mchanga wake hula vyuma. Mitambo ilikufa kwa kasi ambayo karakana, vipuri na mafundi waliokuwapo hawakuweza kuimudu. Uchache wa mvua na papara ya wakubwa vilichangia pia, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Usiniambie kwamba kosa lilikuwa ukuukuu wa mashine pekee. Mashine isiyo na karakana imekwisha kufa hata kabla ya kufa, iwe ya jana au ya leo.

Basi utunzaji wenyewe ni upi? Nawasikia wengi wakiuzungumzia kana kwamba ni elimu ya chuo kikuu, ilhali sehemu kubwa yake ni nidhamu ya kila asubuhi. Chujio la hewa la trekta nyingi za zamani ni bakuli lenye mafuta ambayo hunasa vumbi. Wakati wa kulima kiangazi bakuli hilo yafaa litazamwe kila siku, maana vumbi likipenya hadi kwenye silinda hufanya kazi ya msasa, na kinacholika humo hakirudi. Maji ya rejeta yatazamwe kabla ya injini kuwashwa. Grisi itiwe kwenye viungo vyote vya magurudumu ya mbele. Dizeli ya kwenye pipa iachwe itulie ili maji na takataka zikae chini, na isichotwe hadi tone la mwisho. Na dereva ajue kutoa hewa kwenye mfumo wa mafuta baada ya kubadilisha chujio, asije akakesha akiilaumu betri ambayo haina hatia.

Katika Massey Ferguson 135, mafuta ya gia ndiyo yayo hayo yanayotumika kuinulia mikono ya nyuma, na pampu yenyewe imezama ndani yake. Mafuta hayo yakigeuka rangi yakawa kama chai ya maziwa, jua kwamba maji yameingia. Anayeendelea kulima katika hali hiyo anaipeleka pampu yake kaburini. Kuyamwaga na kuweka mapya kuna gharama, lakini ni gharama ndogo ikilinganishwa na kuipasua trekta nzima katikati. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Zana za nyuma nazo zina kilio chao, tena hazina wa kuwatetea. Plau ya diski huachwa kwenye majani msimu mzima ikinyeshewa, kisha watu hushangaa beringi zinapokwama na diski kukataa kuzunguka. Mashine ya kukata nyasi, na nyingine nyingi zinazozungushwa na shafti ya nyuma, huwekewa boliti dhaifu makusudi, ili zikigonga kisiki ikatike boliti badala ya gia. Boliti hiyo ni kafara. Lakini nimeona mara nyingi jinsi inavyotolewa na kuwekwa chuma kigumu cha kuokota, eti isikatike tena. Ni kweli haitakatika. Kitakachovunjika safari ijayo ni gia, na bei ya gia haifanani na ya boliti.

Siwezi kuyapita haya bila kutaja uhai wa binadamu. Shafti hiyo ya nyuma, ambayo kwa kawaida huzunguka mara 540 kwa dakika, ikikosa kifuniko chake hunasa shati au leso na kumvuta mtu kabla hajapiga ukelele. Trekta nyingi za zamani hazina fremu ya kumkinga dereva zinapopinduka. Na mtu anayefunga mnyororo juu ya ekseli ya nyuma ili kung'oa kisiki anaitega trekta inyanyue pua na kumwangukia. Mzigo huvutwa kwa kiungo cha chini, basi. Wenye trekta wanaosema kifuniko ni pambo tu wajiulize watawaambia nini wazazi wa kijana waliyemwajiri.

Wanaopinga hoja yangu wana neno lao, na si neno la kupuuzwa. Wanasema trekta mpya hufanya kazi kubwa zaidi kwa muda mfupi, ni salama zaidi, na baadhi ya hizi kuukuu hutoa moshi kama tanuri la makaa. Nakubali. Ziko trekta ambazo zimefika mwisho wa safari, na heshima zinayostahili ni kutolewa vipuri vya kuzisaidia dada zao. Wala sisemi tusinunue mpya. Ninachokataa ni imani kwamba upya ni kinga ya kuharibika. Nimepita kando ya yadi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, nikaona trekta zenye rangi inayong'aa zikiota nyasi hadi kwenye magurudumu. Mlinzi aliniambia kwamba moja ilikosa kipuri tu, na nyingine ilingoja mtu wa kuja na kompyuta yake kutoka Nairobi.

Jambo hilo la kompyuta si mzaha. Huko Marekani, wakulima matajiri wenye mashamba makubwa wamelalamika kwa miaka mingi kwamba hawawezi kutengeneza mitambo yao wenyewe kwa kuwa imefungwa kwa programu za mtengenezaji. Mwaka 2023 jimbo la Colorado lilipitisha sheria, iliyoanza kutumika Januari 2024, inayowalazimu watengenezaji wa mitambo ya kilimo kuwapa wakulima na mafundi wa kujitegemea vipuri, programu na maelezo ya matengenezo. Januari 2025 serikali ya nchi hiyo, kupitia tume yake ya biashara, ilifungua kesi dhidi ya kampuni ya John Deere ikidai kwamba imeyabana matengenezo isivyo haki. Ikiwa wao, wenye karakana kila mji, wanalia, sisi tunaonunua bila kuuliza tutakuwa wageni wa nani?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kabla ya kaunti yoyote kuagiza trekta mpya, ihesabu zilizopo, ijue zipi zinaweza kufufuliwa na kwa fedha ngapi, na orodha hiyo isomwe mbele ya wawakilishi wa wadi. Pili, kila mkataba wa ununuzi uwe na fungu la vipuri, mafunzo ya mafundi wa hapa na haki ya kupewa vitabu na programu za matengenezo. Msamaha wowote wa kodi unaofikiriwa kwa trekta ufikiriwe pia kwa vipuri halisi, kwa sababu vipuri bandia hustawi pale halisi zinapomshinda mkulima bei.

Tatu, vyuo vyetu vya kiufundi vipewe trekta kuukuu za kufunguliwa na kufungwa na wanafunzi hadi wazijue kwa kupapasa gizani. Wale mafundi wa jua kali waliojifunza chini ya mti nao wasaidiwe kufanya mitihani ya ufundi ya mamlaka ya NITA, ambayo humpima hata mtu aliyejifunzia kazini. Mikono hiyo inazeeka. Fundi anayetambua beringi mbovu kwa kuegemeza bisibisi sikioni akiondoka bila mwanafunzi, anaondoka na karakana nzima. Nne, maelezo ya utunzaji yaandikwe kwa Kiswahili chepesi. Dereva anayekabidhiwa mashine ya mamilioni ya shilingi pamoja na kitabu asichoweza kukisoma hajakabidhiwa chochote.

Haya hayahitaji mkopo kutoka ng'ambo. Yanahitaji daftari, mkebe wa grisi, fundi anayelipwa kwa wakati, na kiongozi asiyeona haya kupigwa picha akiwa karibu na mashine yenye kutu kidogo. Mwezi Machi mawingu yatakusanyika kama ilivyo desturi yake. Mwenye ekari mbili hatauliza trekta iliyokuja kumlimia ina umri gani. Atauliza kama inawaka.