Magari ya Mbio na Barabara ya Watu Wote

Mbio za magari ni mchezo kama michezo mingine, na Taifa letu lina historia yake humo. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland wa Dar es Salaam alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki akiendesha Peugeot 404. Kwa hiyo hatuandiki leo kuupiga vita mchezo huu. Tunaandika juu ya safari ya kwenda mchezoni na ya kurudi nyumbani.

Tuchukue mfano wa Bigwa, pembezoni mwa mji wa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ianziapo barabara ya kwenda Matombo, Mvuha na Kisaki. Akina mama hushuka huko na ndizi na mboga kwenda sokoni, na watoto hutembea kando ya njia kwenda shule. Mkoa huo umekwisha kuwa mwenyeji wa mashindano ya magari, na wapenzi wa mchezo watokao Dar es Salaam hupita Chalinze, Ubena Zomozi na Mikese. Ndiyo njia wanayoipita viongozi wetu wa Visiwani waendapo Dodoma. Basi jambo hili si la Waluguru peke yao.

Gari lililobadilishwa kwa ajili ya mbio limeandaliwa kwa kazi moja tu. Pedi za breki za mashindano hushika barabara zikiwa moto. Katika safari ndefu hupoa, na mtoto akikatiza njia ghafla gari huchelewa kusimama. Matairi laini yasiyo na mifereji hunata kwenye lami kavu, lakini mvua ya Uluguru inyeshapo huelea juu ya maji. Springi zilizokatwa ili gari liwe chini huligongesha tumbo kwenye matuta, na sampu ikipasuka oili yote humwagika.

Hayo ni ya kwenda. Kurudi ni kubaya zaidi. Pedi zimekwisha, matairi yamelika, dereva amechoka, na macho yake yaliyozoea kasi ya mashindano huiona kilomita 80 kwa saa kuwa ni mwendo wa kobe.

Jirani zetu wa Kenya wanalijua hilo. Tangu Safari Rally iliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu mwaka 2002, misururu ya magari ya washabiki humiminika kutoka Nairobi hadi Naivasha, na polisi huwa na kazi kubwa ya kuwaasa madereva.

La kushangaza ni kwamba mchezo wenyewe unafundisha adabu. Katika ubingwa wa dunia, mshindani atokaye sehemu moja ya mbio kwenda nyingine hupita barabara ya watu wote na hulazimika kutii sheria za nchi. Akichelewa kufika kituoni hutozwa sekunde 10 kwa kila dakika. Akiwahi hutozwa dakika nzima. Yaani haraka huadhibiwa mara sita kuliko kuchelewa! Vijana wetu wameiga mlio wa bomba, hawakuiga kanuni.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi. Upungufu uko katika vibali vya mashindano, ambavyo havina budi kuitazama safari nzima. Gari lisilofaa kwa barabara ya kawaida lipakiwe kwenye lori au tela. Ukaguzi ufanywe kabla ya mbio na urudiwe kabla ya gari kuondoka. Dereva aliyeshindana mchana kutwa alale huko huko, na klabu iwajibike kwa wanachama wake hadi wafike makwao.

Hapa Visiwani, ambako nyumba nyingi zimepakana na barabara, masharti hayo yawekwe mapema, kabla mazoea hayajaota mizizi.

Wapo watakaosema kuwa ajali haina kinga. Msemo huo umekuwa kichaka cha wazembe. Breki mbovu ina kinga, na usingizi una kinga. Roho za wapita njia ni amana, na kila mtendaji anayetia saini kibali cha mbio ajue kuwa ameipokea amana hiyo, ya kwenda na ya kurudi.