Kagerankanda Si Pori Tupu

Umezuka mtindo miongoni mwetu wasomi wa mjini: kutafuta shamba la mbali, kufunga sola, kuchimba kisima, kufuga kuku na kuishi bila kutegemea Tanesco wala duka. Juzi mwanafunzi wangu aliniuliza kama Kagerankanda, kule Kasulu, inafaa kwa maisha hayo. Alikwisha kupima mvua ya Novemba hadi Aprili, jua, na udongo unaokubali maharage na mihogo. Hakuuliza ardhi ni ya nani.

Kagerankanda ni sehemu ya Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini. Kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kulima au kujenga hifadhini bila kibali ni kosa. Serikali ilimega sehemu kwa ajili ya wananchi, lakini kati ya kilichomegwa na kilichobaki hakuna ukuta, kuna bikoni. Wakulima wameondolewa humo kwa nguvu zaidi ya mara moja, na mgogoro umefika hadi Bungeni. Watu hawa wanaishi kwa jembe la mkono, kibatari na maji ya kijito, yaani yale yale anayoyatamani kijana wangu, ukiacha sola. Wao tunawaita wavamizi. Yeye, akifika na gari na mchoro wa nyumba, ataitwa mwekezaji. Naomba ofisa yeyote anayesoma hapa anieleze tofauti hiyo imeandikwa katika kifungu gani.

Na utupu huo unaomvutia una historia. Miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha Waha wa upande wa Kibondo na kuwakusanya katika makazi maalumu, kwa hoja ya kupambana na malale. Miaka ya 1970 dola yetu wenyewe ikawakusanya tena katika vijiji vya Ujamaa. Mahame yakaota miti, na wajukuu wakaambiwa kwamba hapo ni pori.

Basi apime, lakini aanzie kwa mwenyekiti wa kijiji. Aulize cheti cha ardhi ya kijiji na mpango wa matumizi ya ardhi, Sheria Na. 5 ya mwaka 1999 imeiweka ardhi hiyo mikononi mwa halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu, si mikononi mwa dalali wa Kasulu mjini. Halafu aende Agosti, kiangazi kikiwa kimekomaa, aone ni kijito kipi bado kina maji na ni nani anayekinga ndoo pale.