Godoro la mama lisisubiri ajira

Bumu limeingia, vimbwetani kumechangamka, kila mtu ana mipango. Kuna kauli moja nimeisikia mno wiki hii na leo naomba niishughulikie: "Nikipata ajira tu, mama namjengea bonge la nyumba." Wengi wanaoisema ni watoto wa wakulima kama mimi. Jamani, hiyo ahadi ni njia ya heshima ya kutompa mzazi kitu chochote.

Tuanze na hiyo ajira yenyewe. Zamani ukimaliza ualimu unapangiwa kituo, unabeba begi unakwenda. Januari 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira, na kati yao walikuwepo waliohitimu tangu 2015. Miaka kumi! Na ukibahatika kuipata, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa sheria iliyorekebishwa 2016. Bado hujapanga chumba, bado hujaoa au kuolewa. Hiyo nyumba ya mama itaanza kujengwa lini? Pigeni hesabu kwa umri wake, siyo kwa umri wenu.

Kwetu Kiruruma mzazi anaishi kwa migomba na kahawa. Kahawa ina msimu wake, lakini shule haisubiri msimu. Ndipo inapoingia butura: kahawa inauzwa ikiwa bado mbichi mtini, mlanguzi anatoa hela kidogo leo, mavuno yakiiva anakuja kubeba. Serikali imepiga marufuku, ila marufuku hainunui sare wala daftari. Wengi wetu tunaotoka Karagwe na Kyerwa tumesoma kwa butura, tujue tusijue.

Na siyo kahawa tu. Nilipochaguliwa kidato cha tano, fomu ya shule ilidai kila mwanafunzi aje na godoro. Nilinunuliwa jipya. Mama alibaki na lake lililokwisha kuwa jembamba kama chapati, na baridi ya kwetu mnaijua. Sasa mtu kama huyo unamwambia asubiri ghorofa?

Wazee wetu hawana kiinua mgongo. Zanzibar tangu 2016 mzee wa miaka 70 analipwa pensheni hata kama hajawahi kuajiriwa, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Huku Bara mkulima hana kitu cha namna hiyo. Pensheni yake ni mimi na wewe.

Najua mtasema bumu ni mkopo, siyo mshahara, na ni hela ya kula. Sawa kabisa. Sijasema mtu alale njaa, na kama hela haikutoshi hata mwenyewe, haya maneno hayakuhusu. Ila tangu 2022 hela ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Ukitenga 500 tu kwa siku, siku 60 zinakupa 30,000. Mwaka wa masomo wa siku kama 240 unakupa 120,000. Hapo hujengi msingi wa nyumba, lakini taa ya sola unapata, buti za mvua za shambani unapata, blanketi zito unapata. Ukivumilia, godoro lenyewe unapata.

Wengine watasema, "Mbona huwa natuma hela nyumbani?" Hongera, ila fuatilia inakokwenda. Elfu ishirini ikiingia kwenye simu ya mama, nusu inakuwa mchango wa shule wa mdogo wako, inayobaki inakwenda msibani na kwenye dawa ya mbuzi. Yeye anaambulia ujumbe wa salio. Hiyo ni kuendesha familia, na ni jambo jema, lakini mama kama mama hajapata kitu. Ndiyo maana nasema peleka KITU, tena kiwe chake. Blanketi halilipi mchango. Pakia mzigo kwenye basi, wapokee Kayanga, bodaboda afikishe.

Na tafadhali, usimpigishe picha amekumbatia godoro ili marafiki zako wakusifu. Alipokununulia la kwako hakuita mtu aje kuona.

Mzazi aliyezoea dhiki ukimuuliza anahitaji nini atakujibu, "Wewe soma kwanza mwanangu, mimi sina shida." Usimwamini. Mpigie mdogo wako aliyebaki nyumbani, muulize maswali matatu tu: mama analalia nini, usiku anamulika na nini, na mvua ikinyesha anavaa nini shambani. Fanya hivyo wiki hii, kabla bumu halijaisha.

Naomba kuwasilisha.