NANI ATAMUOA? Swali la Tarime na Serengeti ambalo polisi hawawezi kulijibu

Leo siandiki mambo ya madiwani wala ya mgodi wa Nyamongo. Leo ni kitabu, ila usikimbie, maana mwisho wa habari nitafika mlangoni kwetu na kwenu.

Kitabu kinaitwa The Honor Code, kilitoka mwaka 2010. Mwandishi ni Kwame Anthony Appiah, mwanafalsafa aliyezaliwa London na kukulia Kumasi, Ghana. Mimi nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo nilikisoma na kamusi pembeni, wiki tatu nzima. Swali lake ni hili: inakuwaje jamii inafanya jambo baya miaka na miaka, ubaya wake unajulikana, halafu ndani ya muda mfupi inaacha kabisa? Jibu lake ndilo lililoninyima usingizi. Anasema watu hawaachi kwa sababu wameletewa hoja mpya. Hoja zilikuwepo tangu zamani. Wanaacha pale heshima inapohama, yaani kile kilichokuwa kinakupa sifa kinapoanza kukuletea aibu.

Mfano wake mmoja ni Uingereza. Mabwana wakubwa wa kule wakitukanana walikuwa wanaitana uwanjani kupigana bastola, mtu na mtu. Sheria ilikataza, kanisa lilikataza. Lakini mwaka 1829 Waziri Mkuu mwenyewe, Duke of Wellington, alikwenda kukabiliana kwa bastola na Lord Winchilsea. Bahati nzuri hakufa mtu. Hebu fikiria, Waziri Mkuu anavunja sheria ya nchi yake kwa kuogopa kuitwa mwoga! Haikupita miongo mingi mchezo ule ukawa kichekesho, ukafa.

Sasa tuje kwetu. Kukeketa mtoto wa chini ya miaka 18 ni kosa Tanzania tangu sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Kifungo ni miaka 5 hadi 15. Kuna mtu Sirari, Nyamwaga au Mugumu asiyejua? Hayupo. Na madhara tunayajua: damu kuvuja, maambukizi, shida wakati wa kujifungua, wengine wamezikwa. Bado Disemba ikikaribia, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wazee wa mila wanakaa na ngariba wanajiandaa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta wanawake 40 katika kila 100 mkoani Mara wamekeketwa. Mwaka 2015-16 wakawa 32, na mwaka 2022 wakawa 28. Inashuka, tusikatae. Lakini kwa nchi nzima mwaka huo wa 2022 ni 8 tu katika 100. Sisi bado tuko mbali sana.

Wapo wanaosema dawa ni kukamata zaidi. Kukamata kuwepo, sipingi. Lakini jirani zetu Kenya wana somo. Mwaka 1956, wakati wa ukoloni, baraza la wazee wa Meru, Njuri Ncheke, lilipiga marufuku ukeketaji. Matokeo yake? Wasichana walijifungia wenyewe na kujikeketa. Waliitwa Ngaitana, maana yake nitajitahiri mwenyewe. Amri ilikuja, heshima ikabaki palepale ilipokuwa.

Sasa heshima ya jambo hili kwetu inakaa wapi? Binti akitoka kwa ngariba anasindikizwa barabarani kwa nyimbo na vigelegele, anavishwa vitenge, anatunzwa pesa. Baba yake anajua ng'ombe wa mahari watakuwa wengi. Asiyekeketwa anaitwa msagane. Mkurya anayesoma hapa anajua uzito wa neno hilo. Wakenya nao wanaujua, ndiyo maana sheria yao ya mwaka 2011 imefanya hata kumtukana mwanamke kwa sababu hajakeketwa kuwa kosa.

Na hapa niseme ukweli wangu. Nikiwa kidato cha pili, kuna binti tulikuwa tunamwita hivyo darasani. Si wengine tu, na mimi nilikuwemo, tena nilicheka sana. Likizo ya Disemba ikaisha, Januari binti hakurudi shule. Tukasikia amekeketwa, baadaye tukasikia ameolewa. Miaka yote nilikuwa nalaumu wazazi wake na ngariba. Baada ya kitabu hiki nimejiuliza, hivi aliyemsukuma kwa ngariba alikuwa nani?

Appiah anaeleza pia habari za China. Kule wasichana walikuwa wanafungwa miguu tangu utotoni ili ibaki midogo, mifupa inapinda, kisa ndiyo waolewe vizuri. Kwenye wilaya moja ya mashambani, Dingxian, karibu wanawake wote waliozaliwa kabla ya 1890 walifungwa. Kwa wale waliozaliwa baada ya 1919 hakuna hata mmoja. Miaka 30 tu! Zilichangia mambo mengi, lakini kimoja ni vyama ambavyo wazazi walijiunga na kuapa mambo mawili. La kwanza, sitamfunga miguu binti yangu. La pili, sitaruhusu kijana wangu aoe aliyefungwa. Hilo la pili ndilo lililofungua njia. Maana ukimwacha binti yako peke yako, umemponza. Mkiacha wengi, na wenye vijana wakiwemo, wachumba wapo.

Sasa angalia kwetu. Kituo cha Masanga hapa Tarime na nyumba salama ya Hope kule Mugumu, aliyoianzisha Rhobi Samwelly, wameokoa mabinti wengi. Wanawapokea msimu wa hatari, wanawafundisha. Mungu awabariki. Lakini msimu ukiisha binti anarudi kijijini kulekule, kwa sisi tulewale. Kiapo cha kwanza tumekihubiri sana, kiapo cha pili tumekisahau. Tumewapa mabinti ujasiri wa kusema sitaki. Vijana wa kiume nani ametuuliza?

Nyumbani nina mdogo wangu wa kike, yuko darasa la sita. Majuzi mzee wangu amesema, "Sheria naijua. Ila mniambie, nani atamuoa?" Nyumba nzima kimya. Mama akanigeukia: "Mura, wewe mwenyewe utaoa ambaye hajatahiriwa?" Wadau, nilichelewa kujibu. Nimesoma kitabu kizima na bado nilichelewa! Nikasema, "Ndiyo mama, nitaoa." Mzee hakusema kitu, lakini alinitazama kwa muda. Sijui msimu ukifika ataamua nini.

Kesho yake nikawauliza washkaji watatu hapa hapa kafe. Wawili wakakubali. Wa tatu akacheka, "Mimi naoa zangu Mwanza." Jibu lake lina mambo. Tukienda Mwanza tunaoa mabinti ambao hawajakeketwa na wala hatuulizi, ila dada zetu ndio tunawadai damu? Hiyo mila inamlinda nani?

Najua dada zangu mtasema binti hakuzaliwa ili aolewe tu. Kweli kabisa, mimi namtaka mdogo wangu afike chuo. Lakini swali lililo mezani kwa mzee ni hilo la ndoa, na anayeweza kulijibu si polisi wala mtu wa semina. Ni kijana wa kiume anayetoka ukoo wa jirani.

Kwa hiyo sikuombi uandike "nakuunga mkono" kwa jina la bandia. Nenda nyumbani, mwambie mama mbele ya baba mdogo na shangazi kwamba utaoa asiyekeketwa. Siku nyingine ukisikia neno lile linatamkwa, usicheke. Basi.

Ukishasema, rudi hapa utuambie walikujibu nini. Na kama ulishindwa kusema, tuambie pia. Karibuni tuchangie.