Adrese ya zamani isitupwe, iwekwe kwenye simu mpya

Kwenye sekretaria publike za Goma, pale watu wanapoenda kupiga fotokopi na kuchapisha barua, mtu akifika na simu mpya na kusema kwamba ana adrese ya Yahoo, mara nyingi jibu ni moja: «Hiyo imepitwa na wakati, tukufungulie Gmail.» Anatoa franka zake, anafunguliwa akaunti, neno la siri linaandikwa kwenye kipande cha karatasi, anaenda. Ushauri huo ni mbaya. Kwa familia iliyokimbia vita, ni mbaya zaidi.

Adrese ya zamani ndiyo iliyoandikwa kwenye CV, kwenye dosie ya masomo ya mtoto, kwenye fomu ya shirika, na kwenye simu ya ndugu aliye Kampala au Bujumbura. Mtu anapokimbia, shamba linabaki, nyumba inabaki, na namba ya simu inapotea pamoja na simu yenyewe. Februari 2025, kambi za kando ya Goma zilipovunjwa, watu wa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya walitawanyika. Wengine walirudi vijijini, wengine wako kwa jamaa, wengine walivuka mpaka. Shirika lililokuwa likimtafuta mtu kwenye bloku yake ya kambi halina tena bloku ya kumtafutia. Adrese ya barua pepe haikuhitaji kubebwa kichwani. Ilibaki mahali pake, na mwenyewe anaweza kuifungua akiwa popote. Sasa anaambiwa aiache kwa hiari yake.

Achukuliwe mwalimu aliyetoka Sake mwanzoni mwa 2024, mwenye adrese ya yahoo.fr tangu alipokuwa mwanafunzi. Ameomba kazi mahali pengi akitumia adrese hiyo. Anafunguliwa Gmail mpya, na kuanzia siku hiyo anaangalia Gmail tu. Barua ya kumwita kwenye mtihani wa kazi inaingia Yahoo. Tarehe inapita. Aliyemwandikia hawezi kujua kilichotokea. Atafikiri mwalimu hakutaka kazi, na atamwita anayefuata kwenye listi. Hakuna aliyemnyima mwalimu huyo nafasi, ila ameikosa kwa sababu ya kazi ya dakika kumi iliyofanywa kwa haraka.

Shida inaanzia kwenye jina. Gmail ni jina la vitu viwili. Kuna adrese, ile inayoishia gmail.com, na kuna programu ya kusomea barua iliyo tayari kwenye simu nyingi za Android. Programu hiyo haikatai adrese za kampuni nyingine. Inaweza kupokea Yahoo, Outlook, hata adrese ya chuo au ya shirika, zote zikikaa kwenye simu moja, kila moja na barua zake. Mwenye simu anagusa picha au herufi iliyo juu upande wa kuume, anachagua «Ajouter un autre compte», kisha anachagua Yahoo. Unafunguka ukurasa wa Yahoo wenyewe, anaandika neno lake la siri pale, anakubali, na barua zake za zamani zinaanza kushuka. Hakuna kilichofutwa, na watu waliokuwa na adrese yake hawahitaji kuambiwa kitu.

Anayelinda mega zake asiogope. Kwenye mipangilio ya programu anaweza kuzuia picha na faili kubwa zisishuke bila ruhusa yake.

Kuna programu nyingine, hasa zile za zamani kwenye kompyuta, ambazo hazifungui ukurasa wa Yahoo. Zenyewe zinauliza neno la siri, na mtu akiandika lile la kawaida zinamwambia amekosea. Wengi hapo husema akaunti imekufa. Haijafa. Tangu Oktoba 2020, Yahoo haikubali tena neno la siri la kawaida kwenye programu za namna hiyo. Google ilifanya vivyo hivyo mwaka 2022, na Outlook ya watu binafsi ikafuata Septemba 2024. Kwa Yahoo, mwenye akaunti anaingia kwenye sehemu ya usalama ya akaunti yake na kuomba «mot de passe d'application», yaani neno la siri refu la programu ile moja tu. Uzuri wake ni kwamba linaweza kufutwa peke yake. Simu ikiibiwa, au kompyuta ikibaki mikononi mwa mtu asiyeaminika, neno lile linafutwa na lile kubwa linabaki siri ya mwenyewe.

Hapo ndipo swali la sekretaria linakuwa zito. Vijana wanaofanya kazi hiyo wanasaidia watu wengi, na wengi wao ni waaminifu. Lakini desturi ya kuandika maneno ya siri ya wateja kwenye daftari la duka, eti wasije wakasahau, inapaswa kuisha. Barua za mkimbizi zina jina lake, la watoto wake, mahali anapolala, wakati mwingine ushuhuda wa aliyoyaona kijijini. Daftari lile linasomwa na kila anayekaa nyuma ya meza. Kumsaidia mtu ni kumpa simu aandike mwenyewe, na kugeuza macho pembeni. Kama mama hajui kuandika, mtoto wake aliyesoma aandike.

Jambo lingine ambalo vijana hao wanapaswa kulijua ni tofauti ya IMAP na POP, maana programu nyingine zinauliza mtu achague. Kwa IMAP, barua zinabaki kwa Yahoo na simu inazionyesha tu. Simu ikipotea, barua zipo. Kwa POP, programu inazishusha kwenye mashine, na ikiwa imepangwa vibaya inazifuta kule zilikotoka. Sasa barua za familia ziko ndani ya kompyuta ya duka. Mwishoni mwa Januari 2025, M23 ilipoingia Goma, maduka na depo nyingi ziliporwa. Kompyuta ikiibwa namna hiyo inaenda na barua za watu, na hakuna mahali pa kwenda kuzidai. Kwa watu wanaoishi kama wanavyoishi wakaaji wa Kivu, POP haifai hata kidogo.

Wale waliounganishiwa Yahoo ndani ya Gmail kwa njia ya kompyuta, Gmail ikienda yenyewe kuchukua barua kwa POP, waangalie pia. Google ilitangaza kwamba njia hiyo inaondolewa kuanzia Januari 2026. Hakuna kelele inayosikika inapokatika: barua mpya zinaacha tu kuonekana. Kuongeza akaunti ndani ya programu ya simu kwa IMAP ni njia tofauti, na hiyo haikuguswa na tangazo lile.

Halafu kuna muda. Yahoo inaweza kufunga akaunti ambayo mwenyewe hajaingia kwa miezi 12, na barua zote zinaondoka. Google inatoa miaka 2. Miezi 12 ni mifupi kwa mtu aliyehamahama toka Masisi hadi Minova, na toka Minova hadi ng'ambo ya ziwa. Ni vizuri basi kuingia mara kwa mara kwenye ukurasa wa Yahoo wenyewe, bila kutegemea programu peke yake.

Na kabla ya kuondoka kwenye ukurasa huo, aangalie namba ya simu iliyoandikwa pale kwa ajili ya kurudisha akaunti. Kwa wengi bado ni ile ya kadi iliyopotea njiani. Kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika, na huyo ndiye atakayepokea kodi ya kufungulia akaunti. Kama namba ya zamani bado ni ya mwenyewe, arudishiwe kadi kwenye duka la kampuni akiwa na karte yake ya uchaguzi. Kama haipo tena, aiondoe na kuandika anayoitumia sasa, akiwa bado ndani ya akaunti, maana akishatoka na kusahau neno la siri, Yahoo itatuma kodi kwa namba ile ya zamani.