MTOTO AKIUAWA NA NDUGU: JINA LISITIRIWE, RIPOTI ISIFICHWE

Wadau, mtoto akiuawa nyumbani, mtandaoni swali huwa lile lile: "Mama yake nani? Wekeni picha!" Watu wanataka sura ya kutukana. Wiki ikiisha, kijiwe kimehamia ishu nyingine. Swali la kuokoa mtoto mwingine halijaulizwa: nani alijua, alijua lini, akafanya nini?

Kuna binti wa Ivory Coast ambaye wazazi wake walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake, yaani bibi kwa hesabu za Kiafrika, akasome Ulaya. Stori hiyo nani haijui? Ndugu wa nje kaja, anaondoka na mtoto akapate maisha. Binti akapita Ufaransa, akafika London mwaka 1999. Februari 2000 akafariki, ana miaka 8, mwilini majeraha 128.

Yule bibi na bwana wake wakafungwa maisha. Wengi wangesema kesi imeisha, haki imetendeka. Lakini uchunguzi huru ukaanzia pale mahakama ilipoishia, na mwaka 2003 ripoti nzima ikawekwa hadharani. Ikaonyesha nafasi zisizopungua 12 za kumuokoa, zote zikapotea. Hospitali moja ilisema alama zake ni upele. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii aliposikia kwamba mtoto husimama wima mbele ya walezi wake, akadhani ni heshima ya familia za watu weusi. Kumbe ni hofu!

Mahakama haikuwa na kazi ya kuchimba hilo. Yenyewe inamtafuta muuaji. Ripoti inatafuta mlango ulioachwa wazi, na ile ilichangia sheria mpya ya watoto ya mwaka 2004.

Leo England mtoto akifa au akiumizwa vibaya na kukawa na dalili za kuteswa, halmashauri inatakiwa kuijulisha jopo la taifa ndani ya siku 5 za kazi. Mapitio ya haraka yanafanyika ndani ya siku 15 za kazi. Yakihitajika mapitio kamili, lengo ni kuyachapisha ndani ya miezi 6.

Wapo wanaosema kuchapisha ni kuanika familia. Hoja hiyo ina uzito, maana marehemu anaweza kuwa na wadogo zake wanaokwenda shule kesho. Ndiyo maana majina hufichwa, mtoto akaitwa "Mtoto A". Sawa kabisa. Lakini jina la mtoto lisigeuzwe shuka la kufunikia uzembe wa ofisi. Tarehe ambayo jirani alipiga simu, faili lililofungwa, ziara iliyoishia mlangoni, hayo hayamwaniki mtoto. Yanawaumbua wakubwa tu. Na ofisi inayochunguzwa isijiandikie ripoti yenyewe. Mgema hajipimii tembo lake.

Hadi mwaka 2010, kilichokuwa kikitolewa mara nyingi ni muhtasari, ndipo serikali ya Uingereza ikaagiza ripoti zitoke nzima. Muhtasari unasema "mawasiliano yalikuwa hafifu". Ripoti nzima inasema nani hakupokea simu.

Kwa hiyo mdau anayedai picha ya yule mama, adai ripoti kwanza. Picha haijawahi kumfundisha daktari kutofautisha upele na kipigo.