Mtoto wa kima si wa kufuga nyumbani

Mtu anatoka pori na mtoto wa kima mkononi. Mama yake ameuawa, nyama imeuzwa. Kadogo kamebaki, watoto wa nyumba wanakapatia ndizi. Ni huruma, ndiyo, lakini sheria ya mwaka 2014 ya kuhifadhi viumbe vya asili inakataza kufuga wanyama wanaolindwa bila ruhusa.

Marekani, raia anaweza kupewa lesansi ya kutunzia kindi yatima kwake, kisha anamrudisha porini. Hapa kwetu njia ni kituo kama Lwiro, Kivu ya Kusini, ambacho ICCN na CRSN walianzisha 2002 kwa ajili ya sokwe na kima. Kule mgeni anatengwa kwanza na kupimwa kifua kikuu, sababu sisi watu pia tunawaambukiza. Halafu anatafutiwa wenzake. Kima aliyekulia jikoni hajui kuishi na kima.

Kumununua ili umuokoe njo kosa kubwa zaidi: mwindaji akiona franga, kesho anarudi na mwingine. Lakini mtu wa Shabunda, na barabara ile, atamfikisha Lwiro namna gani? Hapo ICCN inatudai jibu, ao tuseme, sisi tunaidai.